Bima ya duka jipya: ya moto pekee, ya kifurushi, au ile inayokuja na mkopo?

Mtu anayefungua duka Dar es Salaam huwa ameshapita TRA kuchukua TIN, halmashauri kwa ajili ya leseni, kwa mwenye fremu kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima, na kwa fundi wa rafu, kabla hajaikumbuka bima. Akiifikia, mfuko umeshakonda, na swali la kwanza linalomtoka ni moja: ipi ya bei nafuu? Namwelewa kabisa. Ila bima tatu anazoweza kuuziwa wiki hiyo hiyo zinaweza kukaribiana bei, halafu siku duka linaungua zikamlipa pesa zilizoachana mbali mno. Kwa hiyo nitazilinganisha kwa kuzipitisha kwenye majanga yale yale, moja baada ya jingine, tuone mwenye duka anabaki na nini mkononi.

Tuchukue duka la mfano. Ni fremu ya chini kwenye jengo la ghorofa Kariakoo, linauza feni, pasi, majagi ya umeme, redio na nyaya. Mzigo uliomo una thamani ya shilingi milioni 50. Wafanyakazi ni wawili. Kuna stoo ndogo mtaa wa pili. Mwenye duka ana mkopo wa benki wa milioni 20.

Ya kwanza ni bima ya moto pekee: inahesabu moto, radi na milipuko ya aina fulani, na mengine yanaongezwa ukiyaomba na kuyalipia. Ya pili ni kifurushi cha duka, ambacho ndani yake mna moto, wizi wa kuvunja, fedha taslimu, dhima kwa wateja (yaani fidia unayodaiwa ukimsababishia mtu madhara) na pengine vioo na vifaa vya umeme, vyote kwenye hati moja. Ya tatu ni ile inayokatwa benki siku unaposaini mkopo.

Duka likiungua

Hili ndilo janga ambalo zote tatu zinadai kulibeba, na ndipo zinapoachana zaidi. Walioshuhudia Soko Kuu la Kariakoo likiungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na Soko la Karume miezi sita baadaye, Januari 2022, hawahitaji kuelezwa kwamba moto wa sokoni hauchagui kibanda.

Tuseme moto umeteketeza nusu ya mzigo, yaani milioni 25. Mwenye bima ya moto aliyeandika thamani kamili ya milioni 50 analipwa milioni 25, wakitoa ekses, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unataka uibebe mwenyewe. Wa kifurushi naye hivyo hivyo, mradi kifurushi chake kimeandikwa kwa thamani ya mzigo wake halisi. Nasema hivyo kwa sababu vifurushi vingi huuzwa kwa madaraja yaliyopangwa tayari, na mtu mwenye mzigo wa milioni 50 akichukua daraja la milioni 30 kwa kuwa ada yake inavutia, anakuwa amejiingiza kwenye hesabu ninayoieleza sasa.

Hesabu hiyo inaitwa sheria ya wastani, na imo karibu katika kila hati ya bima ya mali. Kama mali ina thamani ya milioni 50 na wewe umeikatia bima ya milioni 20, kampuni inakuchukulia kwamba umebeba mwenyewe hatari ya milioni 30 zilizobaki. Kwa hiyo kila hasara, hata ile ndogo, inagawanywa kwa uwiano huo: 20 kwa 50. Wengi hudhani kwamba bima ya milioni 20 inalipa hasara yoyote hadi milioni 20. Sivyo.

Sasa weka hapo bima ya benki. Mara nyingi afisa mikopo huandika kiasi kinacholingana na mkopo, kwa sababu anacholinda ni fedha za benki. Mkopo milioni 20, bima milioni 20. Moto umekula milioni 25. Malipo ni 20 gawanya kwa 50, mara milioni 25: milioni 10. Na hizo milioni 10 haziji kwako. Benki imeandikwa kwenye hati kuwa mlipwaji wa kwanza, hivyo kama deni lililobaki ni milioni 16, zote zinaingia huko. Wewe unabaki na deni la milioni 6, nusu ya mzigo, na rafu zilizoungua. Umelipa ada mwaka mzima na huna hata shilingi ya kurudishia bidhaa.

Silaumu benki kulinda fedha zake. Ninachotaka mwenye duka akijue ni kwamba ana haki ya kusema, pale pale kabla ya kusaini, "Andikeni thamani yote ya mzigo wangu, milioni 50, na deni lenu likishalipwa kinachobaki kije kwangu." Ada itapanda, kweli. Lakini hapo ndipo bima ile inapoanza kuwa yake pia.

Kuna jambo jingine la benki linalowachanganya watu wengi. Makato ya bima kwenye mkopo mara nyingi ni ya bima ya maisha ya mkopaji: akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa na familia haidaiwi. Ni kitu kizuri, na ningemshauri kila mwenye mkopo awe nayo. Ila haina uhusiano wowote na feni na pasi zilizoko dukani. Ukiona neno "bima" kwenye karatasi ya makato, uliza ni ya maisha au ya mali, na uombe nakala ya hati yenyewe. Karatasi ya makato peke yake haitoshi.

Duka likivunjwa

Hapa bima ya moto pekee inatoka mchezoni mapema. Mwizi akikata kufuli usiku akabeba redio zote, bima ya moto haina la kusema. Ya benki inategemea kama waliongeza wizi, na wengi hawaongezi.

Kifurushi kinalipa, lakini kwa masharti ambayo lazima uyasome kwa jicho la mtu atakayedai. Wizi unaolipwa ni ule wa kuvunja: kufuli iliyokatwa, geti lililong'olewa, dari iliyotobolewa, alama inayoonekana na kuandikwa kwenye ripoti ya polisi. Mteja aliyetia pasi kwenye mkoba mchana kweupe halipiwi. Mfanyakazi anayepunguza mzigo kidogo kidogo halipiwi; huyo ana bima yake ya peke yake, ya uaminifu wa wafanyakazi. Na upungufu unaogundua tu wakati wa kuhesabu mzigo mwisho wa mwezi, bila tukio lolote la kuonyesha, haulipiwi hata kidogo.

Zaidi ya hapo, hati inaweza kutaja ulinzi ulioahidi mwenyewe: geti la chuma, kufuli mbili, mlinzi wa usiku. Ukiandika kwamba kuna mlinzi na usiku wa tukio hakuwepo kwa sababu hamkuelewana malipo, umempa mtathmini hasara sababu ya kuandika "masharti yamevunjwa". Andika ulinzi ulio nao kweli, hata kama ada itakuwa juu kidogo.

Wenye duka wanaofanya pia uwakala wa fedha kwa simu wawe makini na kipengele cha fedha taslimu. Kwa kawaida kinazungumzia noti na sarafu zilizo kwenye sefu au zinazopelekwa benki. Floti iliyo ndani ya laini ni kitu kingine, na mtu akitapeliwa kwa simu akahamisha floti, asitegemee kipengele hicho kimwokoe. Kama uwakala ndio unaokuingizia zaidi, kata bima iliyotungwa kwa ajili ya uwakala.

Maji, ghasia, na jengo lenyewe

Mvua za masika Dar tunazijua, na Jangwani haiko mbali na Kariakoo. Mafuriko, dhoruba na maji ya bomba lililopasuka ghorofa ya juu ni nyongeza kwenye bima ya moto. Kwenye vifurushi mengi ya hayo yamo, lakini yahakikishe moja moja kwa jina. Kwa duka la vifaa vya umeme ningeweka maji sawa na moto, kwa sababu feni iliyoloa haiuziki.

Ghasia zina ngazi. Nyongeza ya kawaida hubeba vurugu na uharibifu wa makusudi, ila vurugu zenye sura ya kisiasa mara nyingi zimetolewa waziwazi na huhitaji bima yake maalumu. Wenye maduka Nairobi walioporwa tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni, walijikuta wakisoma kifungu hicho. Tofauti kati ya mgomo, vurugu na machafuko ya kisiasa unaiona ndogo mpaka siku ya madai.

Kisha kuna jambo ambalo kabla ya tarehe 16 Novemba 2024 wengi hawakuliwaza. Siku hiyo jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakapoteza maisha na mali za wafanyabiashara zikafukiwa. Bima ya moto ya kawaida inataja majanga kwa majina, na kuporomoka kwa jengo kwenyewe, bila moto wala tetemeko, kwa kawaida hakumo kwenye orodha. Wala kifurushi si dhamana. Kama fremu yako iko kwenye jengo ambalo chini au pembeni yake wanachimba, uliza kwa maandishi: "Jengo likianguka bila moto, mzigo wangu unalipwa?" Jibu la "ndiyo" lisilo kwenye karatasi usilihesabu.

Na usifarijike na maneno ya mwenye jengo kwamba "jengo lina bima". Sheria ya Fedha ya 2022 iliyafanya majengo ya biashara na masoko ya umma yawe na bima kwa lazima, na hilo ni jema. Lakini ile inalinda kuta, paa na sakafu yake. Mzigo wako haumo. Tena, moto ukianzia kwenye fremu yako kwa uzembe, kampuni iliyomlipa mwenye jengo inaweza kukugeukia wewe ikudai. Kifurushi chenye dhima kwa watu wengine ndicho pekee kati ya hizi tatu kinachokupa ngao hapo, na ndicho pia kinachomhusu mteja aliyeteleza dukani akavunjika mkono.

Wafanyakazi ni hesabu nyingine

Hapa hakuna cha kuchagua. Tanzania Bara mwajiri anajisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara ghafi. Mfanyakazi hakatwi kitu. Kwa vijana wawili wanaolipwa laki tatu kila mmoja, hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo mno kulinganisha na gharama ya kijana aliyedondoka na ngazi akishusha boksi. Ukiuziwa kipengele cha ajali za wafanyakazi ndani ya kifurushi, kichukue kama nyongeza juu ya WCF, kwani hakichukui nafasi yake. Kenya mambo ni tofauti: sheria ya WIBA ya 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, inamtaka mwajiri anunue bima hiyo kwenye kampuni ya bima, kwa hiyo kule kipengele hicho ni cha lazima. Anayefungua tawi Namanga pande zote mbili asichanganye.

Ununue kwa nani

Bima ile ile unaweza kuipata kwenye ofisi ya kampuni, kwa wakala, kwa dalali au benki. Bei haipishani sana, kwani wakala na dalali wote hulipwa kamisheni na kampuni. Tofauti iko kwenye upande aliosimama kila mmoja.

Wakala anaiwakilisha kampuni. Yuko karibu, anakuja dukani, anapokea simu, na kwa bima ya pikipiki au ya duka dogo sana anatosha. Dalali wa bima kazi yake ni kumwakilisha mteja: anaomba bei kwa kampuni kadhaa, anakuwekea hati mezani uzione pamoja, na tukio likitokea anakusaidia kuandika madai. Wengi wanafikiri dalali ni wa wenye viwanda. Kwa duka la mzigo wa milioni 50 ningemtafuta dalali bila kusita, maana siku ya hasara mwenye duka amechanganyikiwa na anahitaji mtu anayejua vifungu aliye upande wake. Benki nazo zinauza bima kwa kibali, na faida yake ni wepesi: ada inakatwa kwenye akaunti, foleni moja. Hasara yake ni kwamba unayeongea naye kazi yake ya kila siku ni mikopo, na kampuni anazokuletea ni zile walizokubaliana nazo.

Kwa wanaotaka bima isiyo na riba, takaful sasa ipo. Wenzetu wa Zanzibar na mwambao wengi walikuwa wanaacha bima kabisa kwa sababu hiyo. Ilinganishe kwa vigezo hivi hivi: thamani iliyoandikwa, majanga yaliyotajwa, na nani analipwa kwanza.

Popote uendapo, hakikisha mtu ana leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ukishalipa tafuta namba ya hati yako kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni siku hiyo hiyo. Isipoonekana, rudi haraka. Usikubali "chukua bima sasa, utalipa mwisho wa mwezi", kwa sababu bila ada kulipwa hakuna bima. Na unapolinganisha bei, hakikisha zote zina VAT au zote hazina: ada ya laki tatu ikiongezwa asilimia 18 inakuwa 354,000, na bei iliyoonekana nafuu inaweza kugeuka ghali.

Fomu ya maombi

Ningekuomba ukae nayo nusu saa, kwa sababu madai mengi huharibikia hapa, miezi kabla ya moto. Fomu inauliza anwani ya mali. Ukiandika fremu peke yake, mzigo ulioko stoo mtaa wa pili hauna bima, hata kama ni wako na risiti unazo. Andika sehemu zote mbili na thamani ya kila moja. Mzigo unaolala nyumbani kwako Mbagala kwa sababu stoo imejaa, nao utaje. Mzigo ulio kwenye kirikuu kutoka bandarini ni bima nyingine, ya mali safarini.

Inauliza aina ya bidhaa. "Mchanganyiko" si jibu. Ukiuza nyaya pamoja na mitungi midogo ya gesi au rangi za kupuliza, sema, kwani vitu vinavyolipuka vikikutwa kwenye majivu na havikutajwa, umekuwa umeficha jambo la msingi. Inauliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, na majirani wanafanya nini. Kama fremu ya pili kuna fundi wa kuchomelea, mwandike.

Thamani ya mzigo iandike kwa kiwango cha juu utakachofikia mwaka huo, kwa bei ya kununulia. Duka lenye milioni 50 mwezi Machi linaweza kubeba milioni 80 kuelekea Krismasi. Kama ongezeko ni la msimu tu, mwandikie wakala au dalali barua fupi au barua pepe kuongeza kiasi kwa miezi hiyo, ulipe tofauti, na usubiri hati ya nyongeza mkononi kabla mzigo haujashuka.

Risiti za manunuzi, za EFD na za wauzaji wa nje, pamoja na daftari la mzigo na picha za rafu, visikae dukani peke yake. Vipige picha kila wiki uvitume kwenye barua pepe yako. Mtathmini atauliza ulikuwa na nini usiku ule, na risiti zilizoungua hazisaidii.

Ningechukua ipi

Kwa duka hili la Kariakoo ningechukua kifurushi kupitia kwa dalali, thamani kamili ya milioni 50, stoo ikiwa imetajwa, na nyongeza ya maji na vurugu. Kisha ningepeleka hati hiyo benki na kuwaomba waandikwe humo kuwa na maslahi ya kiasi cha deni lao, badala ya kunikatia nyingine. Benki zina orodha ya kampuni wanazozikubali, hivyo iombe kabla ya kununua.

Kwa genge au kibanda chenye mzigo wa milioni mbili, hesabu inabadilika. Vifungu vya wizi na ekses vinaweza kula karibu faida yote ya kifurushi, na hapo ningekata bima ya moto ndogo, nyingine nikaweka kwenye kikoba. Kwa mgahawa ningeanza na dhima kwa wateja, maana chakula kikidhuru watu kumi kwa siku moja, deni lake linazidi bei ya majiko yote. Mwenye saluni ndani ya nyumba ya familia aulize kwanza kama jengo la makazi linakubaliwa kwa biashara hiyo, kabla hata ya kuuliza bei.

Mwenye pesa ya kipengele kimoja tu mwaka huu, aandike moto kwa thamani kamili. Moto wa thamani kamili ni bora kuliko kifurushi cha nusu thamani, kwa sababu ya ile hesabu ya 20 kwa 50. Wizi ataongeza mwaka wa pili.

Tukio likitokea, piga 114 kwa Zimamoto, toa taarifa polisi, na uiarifu kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi, kisha usisafishe duka mpaka mtathmini afike. Kama kampuni inakataa kulipa au inakuzungusha, omba sababu kwa barua yenye kifungu cha mkataba. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.